Siti ya Mzee Elisaria

Doris alikuwa fundi baiskeli pale Pasua, fundi kwelikweli, na ubaya wake ulikuwa huo huo: alijijua.

Baba yake, mzee Elisaria, alikuwa amebeba maziwa ya kikundi cha wafugaji kwa baiskeli miaka kumi na tisa, kutoka migombani juu ya Rau hadi mjini. Sasa goti la kulia lilikuwa limeanza kugoma kukunjika. Kikundi hakina huruma na magoti. Asiyeweza kuendesha, kazi hupewa mwingine. Na kukaa nyumbani bila kazi mzee alikuogopa kuliko kifo.

Doris akamfungia mikono ya pedeli mifupi zaidi, ili goti lisipande sana. Kisha akainua siti sentimita mbili, zile zile zilizopungua kwenye mikono, mguu upate kunyooka ukifika chini. Hesabu haikuwa na kosa.

"Mama, sigusi chini," mzee alisema akiwa juu ya siti, vidole vikitafuta ardhi.

"Baba, baiskeli ni ya kuendesha, si ya kusimama nayo. Nikiishusha, goti litakuua."

Mzee mwingine angemkumbusha kwamba sikio halipiti kichwa. Huyu alimwamini binti yake, akaenda zake.

Siku nne goti halikuuma kabisa, akawa anaimba njiani. Siku ya tano mbuzi walikatiza barabara mteremkoni. Akafunga breki, zikashika vizuri, baiskeli ikasimama. Akashusha mguu kama alivyoushusha miaka yote, usiguse kitu. Madumu mawili ya maziwa yakamvuta upande, akaanguka nayo.

Mfupa wa mtulinga, pale begani, ulivunjika. Daktari alisema utaunga baada ya wiki sita.

Jumamosi mwenyekiti wa kikundi, mama Kindness, alikuja kumjulia hali, akawakuta wateja wawili wa Doris wameketi hapo kumpa pole.

"Shikamoo mzee. Ilikuwaje?"

Elisaria hakumtazama binti yake. "Kizunguzungu tu, mwanangu. Uzee."

"Pole sana, baba. Basi pumzika. Mtu wa kizunguzungu hatuwezi kumrudisha barabarani, hata mfupa ukipona."

Aibu ilimshika Doris. Alitakiwa kusema neno moja tu, kwamba siti aliiweka yeye. Lakini wateja walikuwa wanamtazama, na baba yake naye alimsihi kwa macho anyamaze.

Laiti angenyamaza.

"Ni kweli," Doris alisema. "Siku hizi hata asubuhi anapepesuka."

Mzee akageuza uso ukutani.