Kaboni ya Ukurasa wa Tisa

Aloyo alikuwa amekwisha kufua mashuka arobaini ya hospitali, kilimani Nsambya, kwa maji matupu, maana sabuni ya mwezi ule ilikuwa imegeuka magendo. Alikamua la mwisho, akavaa viatu, akateremka mjini kwa miguu. Leo rufaa ya Kakule ilikuwa inasikilizwa.

Kakule alikuwa msimamizi wa ghala la sukari. Mwaka sabini na nne Aloyo alipanga foleni ya kilo moja, akaitwa ndani. Kakule alifunga mlango, akamchania nguo, akamshika kwa nguvu. Hakimu alimpa Kakule miaka mitano kwa shambulio la aibu. Sasa aliipinga hukumu, ana wakili wa suti na shemeji mwenye nyota mabegani.

"Mheshimiwa," wakili alimwambia jaji, "kumbukumbu ya kesi haina ukurasa wa tisa, ushahidi wa Taban. Bila huo limebaki neno la mwanamke peke yake. Sheria haimfungi mtu kwa neno hilo."

Ndivyo sheria ilivyokuwa. Waliiandika wanaume, na hatujasahau.

"Basi Taban aitwe."

"Hapatikani, Mheshimiwa."

Ukumbi mzima ulitazama sakafu. Mzee Taban, fundi cherehani wa Kibuli ambaye Aloyo alimkimbilia siku ile na nguo iliyochanika, alitiwa na watu wa serikali kwenye buti la gari mchana kweupe, mbele ya wateja wake. Hapatikani!

"Mpaka saa nane," jaji alisema. "Ukurasa usipoletwa, nafuta hukumu."

Aloyo alikimbia hadi mahakama ndogo alikohukumiwa Kakule. Karani wa masjala hakuinua kichwa.

"Nyabo, bibi, ukurasa hakuna. Kopi hakuna, hata daftari ya hakimu hakuna. Watu walikuja, wakachukua. Mimi niko na watoto sita, usiniulize watu gani."

"Nani aliupiga taipu?"

Karani alionyesha kwa kidevu chumba cha pili.

Sitti, mama wa Kinubi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimsikiliza Aloyo mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango, akainua taipureta yake nzito, na kutoka chini ya kitambaa kilichotandikwa hapo akatoa karatasi nyeusi ya kaboni.

"Kaboni imepotea mjini," alisema. "Sisi tunapiga moja mpaka inatoboka, maneno juu ya maneno, hata shetani hawezi kusoma. Ndiyo maana wale wajinga walibeba makaratasi, kaboni wakaacha. Lakini hii nilipiga mara moja tu. Asubuhi nilipiga maneno ya Mzee Taban, mchana wakamchukua. Alinishonea nguo ya harusi, mwanangu. Nikashindwa kupiga mtu mwingine juu yake."

"Mama, watakuona."

"Wataniona. Twende."

Saa nane kasoro dakika tano Sitti aliapa, akaibandika kaboni kwenye kioo cha dirisha. Jaji aliacha kiti chake, akasimama pale juani na miwani puani, akasoma mstari kwa mstari. Wakili alipinga mara tatu. Jaji hakugeuka.

Rufaa ikatupwa.

Aloyo na Sitti walitoka nje. Lori la magereza lilikuwa linangoja, lakini Kakule hakupanda lori. Askari magereza mwenyewe alimfungulia mlango wa gari la shemeji yake.

"Umeshinda nini sasa, wewe?" Kakule alimpigia kelele dirishani, anacheka. Gari likaondoka.

Aloyo alimvuta Sitti hadi kwenye bomba la uani. Hapo alifungua fundo la leso, akatoa kipande cha sabuni alichokitunza tangu Krismasi. Akavishika vidole vya Sitti, vyeusi kwa kaboni, akaviosha kimoja kimoja.

"Sabuni yote hiyo, wewe!" Sitti alisema. "Una wazimu?"

"Mungu akuweke, mama. Sina kingine."

"Usinishukuru mimi. Unajua Mzee Taban alimalizia vipi ushahidi wake? Niko nayo kichwani." Akasema polepole: "'Alibisha mlango, nikafungua. Sikumuuliza kitu. Nilimwamini kabla hajasema.'"

Povu lilikuwa limegeuka jeusi. Aloyo alilia kidogo, akacheka, akaendelea kuosha.

"Sema tena, mama."

Yule askari magereza alikuwa amesimama hatua kumi tu, anawatazama. Sitti alimwona. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya kufika kule.