Karai Lenye Sauti ya Mama

Usiku wa jana niliota niko ndani ya kichwa changu mwenyewe, nimevaa mabuti ya saiti, na chini ni laini kama ugali ambao haujaiva.

Nikajikwaa, nikaupiga ukuta teke. Nikauomba radhi. Ukuta ukasema nisijisumbue, ubongo wenyewe hauumi hata ukichomwa sindano. Vinavyoumia ni vidole na meno, huku zinaletwa taarifa tu.

Mbele kuna watu wembamba kama nyaya, wamepanga mstari hadi gizani. Kila mmoja ana mikono mingi na mkia mmoja mrefu. Wanapasiana makarai. Hiyo kazi naijua, mimi ni kibarua wa zege. Unapokea, unatoa, huangalii ndani. Ukisimama wewe, mstari wote umesimama. Ila hawa hawagusani. Kati ya mtu na mtu kuna pengo, na karai linarushwa.

Nikamuuliza wa karibu wao ni nani.

"Sisi ndio wewe," akasema bila kugeuka. "Sogea, umeuzuia mguu wako wa kushoto."

Kweli, mguu ulikuwa umekufa ganzi. Nikasogea, ukarudi.

Hapo hapo nikawa jikoni kwetu kwa zamani. Kuna mstari mwingine, lakini hawa wamekaa chini, na katikati yao mtu mmoja hayupo. Msimamizi wao amevaa kofia ngumu. Kofia ipo, kichwa hakuna. Nikaona sawa tu, si tayari tumo kichwani.

Msimamizi akasema huu mstari haufanyi kazi siku nyingi, unavunjwa leo. Mwenye kichwa akilala, maji yanapita kusafisha, na kisichotumika kinaondoka nayo. Nikauliza huu ulikuwa unabeba nini.

"Sauti ya mama yako."

Nikaogopa. Mama amefariki. Simu iliyokuwa na sauti yake iliibiwa. Hata dada Sikudhani, ninayeishi naye, ameshasema haikumbuki vizuri. Ikitoka humu, haipo tena popote.

Nikamwambia asiuvunje. Akasema sheria si yake. Nikamtukana. Akauliza kama hayo matusi nimeyapata shule. Nikamjibu shule niliacha. Akasema anajua, mstari wa hesabu aliuvunja yeye.

"Basi nautumia sasa hivi," nikasema.

"Kuna pengo hapo. Simama wewe."

Maji yanakuja. Nayasikia, hayana haraka. Nasimama pengoni. Wale waliokaa wanainuka mmoja mmoja, magoti yanalia. Karai linarushwa kutoka gizani, linapita mkono kwa mkono, linanifikia. Ni zito kuliko zege lolote nililowahi kubeba.

Ndani yake mtu ananiita. Mbaruku. Ile "u" ya mwisho inavutwa, kama alivyokuwa akiivuta akiwa amekasirika na kicheko kimembana.

Huangalii ndani, nimeshasema. Mimi nikaangalia. Nikasikiliza. Akaita tena, nikasikiliza tena. Maji yakafika magotini. Nyuma yangu makarai yamerundikana, walio nyuma wananiambia nitoe, mshikaji, toa. Mmoja akauliza huyu kibarua ameokotwa saiti gani.

"Ukiendelea kulikumbatia litagandia kwako," msimamizi akasema.

Maji yamefika kifuani. Nikajaribu kulitoa, likawa limeshashika kwenye vidole. Nikavuta. Yakafika shingoni. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, likabanduka, nikalirusha mbele gizani bila kumuona wa kudaka.

Nikataka kuuliza limemfikia nani. Maji yakapita juu ya kichwa changu, ndani ya kichwa changu.

Nikaamka. Kumekucha, koo limenikauka kama limepigwa simenti. Dada Sikudhani yuko uani anasugua sufuria, namsikia kupitia dirishani. Nikamwita aniletee maji ya kunywa. Nilitaja jina lake tu, basi, ile "i" ya mwisho ikajivuta yenyewe.

Akajibu pale pale, mbio mbio, kama mtoto.

"Abee, mama."

Halafu sufuria ikanyamaza.

Mpaka sasa nimekaa kitandani. Sijamwita tena, na yeye hajaingia ndani.