Migomba ya Kiwanja cha Ndege

Vita vya Uganda sikuvianza mimi, na walioanza hawakuniuliza. Lakini mwezi wa Novemba 1978 vita hivyo viliingia kibanjani kwangu, hapa Nyaishozi, vikiwa vimepanda katapila, vikaangusha migomba yote ambayo mimi na marehemu Xaveri tulikuwa tumeitunza miaka kumi na minane.

Kosa langu lilikuwa moja tu: kibanja changu kilikuwa tambarare. Karagwe yote hii ni vilima, na Mungu akaamua utambarare anipe mimi. Jeshi lilitaka kiwanja cha ndege ndogo, zile zisizobeba bomu, ambazo kazi yake ni kupita juu ya mpaka, kuchungulia adui yuko wapi na kurudi kusema. Luteni aliyekuja na katapila, kijana wa pwani mwenye adabu zake, aliniamkia vizuri.

"Shikamoo mama. Nchi inahitaji shamba lako. Vita vikiisha utarudishiwa."

"Marahaba," nikamjibu. "Na mume wangu je?"

Xaveri alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, tukamzika humo humo kibanjani, kama tunavyozika wote huku. Luteni akavua kofia, akasema pole sana, akaahidi kwamba katapila itazunguka kaburi. Haikuzunguka. Dereva alikuwa na haraka zake, msalaba ukaenda na udongo, na jioni nilipofika sikuona kaburi wala alama, ila ardhi nyekundu imelala kama mkeka. Nilimtukana yule dereva mpaka sauti ikanikauka. Nikabaki na ile ahadi ya kurudishiwa, basi.

Kiwanja kikaanza kazi. Walisimamisha mti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, wakapanga mapipa ya mafuta chini ya turubai. Ndege ilitua mara mbili. Mara ya pili rubani alishuka, akanywa maji, akaomba ndizi mbivu, akaondoka. Wanaotaka historia ya kiwanja chetu, huo ndio mchango wake wote katika ushindi.

Kisha Luteni akaingiwa na hofu kwamba ndege za adui zitauona ule mstari mwekundu katikati ya kijani. Akamwita katibu wa kijiji, Cassian, mtu wa Muleba anayependa kutoa amri kuliko kula. Amri yenyewe ilikuwa rahisi: kila kaya ilete mgomba mmoja uliokatwa, iuchomeke kiwanjani, ndege yetu ikisikika, watu wakimbie kuiondoa migomba. Luteni akampa Cassian filimbi, akaenda Bukoba siku nne kufuata mafuta.

Siku nne! Nauliza, nani mwenye akili timamu anawaachia watu wa huku ardhi laini, mvua inanyesha, halafu anawaambia wachomeke migomba mifu? Mzee Ildefonsi alileta wa kwake uliokatwa, akausimamisha. Jirani yake, Placidia, akacheka: "Baba, hivyo ndivyo mnavyopanda migomba kwenu?"

Ilitosha. Kesho yake mzee alirudi na chipukizi zuri lenye mizizi, akachimba shimo la kufika magotini, akatia samadi, akatandaza nyasi juu. Placidia naye hakukubali kushindwa. Kufikia siku ya tatu kaya sitini zilikuwa zinashindana, kila moja imeleta chipukizi bora kuliko yote ya nyumbani, wamepanda kwa mistari iliyonyooka, wameachanisha hatua nne nne. Hata Mbonimpa, kibarua aliyetoka Burundi, asiye na ardhi ya kuotesha hata mchicha, aliomba chipukizi mahali akapanda. Nilisimama pembeni nikipiga kelele: "Jamani, ndege itatua wapi?" Cassian akaniambia nisiwavunje moyo wananchi.

Ndege ilikuja siku ya nne. Cassian akapuliza filimbi mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Watu wakaenda kila mmoja kando ya mgomba wake, wakasimama, wakatazamana nani aanze kung'oa. Hakuanza mtu. Rubani alizunguka mara tatu, akaona kibanja kizuri sana, akarudi alikotoka. Luteni aliporejea alitazama ile mistari, akaketi juu ya pipa. Nilimhurumia, na huruma yenyewe ikaniudhi. Bahati yake jeshi letu lilikuwa linasonga mbele kuvuka mpaka, na baada ya wiki chache wakakunja turubai wakaondoka.

Barua ya kunirudishia ardhi ilifika katikati ya mwaka 1980. Nilifurahi kwa nusu siku. Migomba ilikuwa imezaa, mikungu inainama, na huku kwetu aliyepanda mgomba ndiye mwenye mgomba, na mwenye mgomba haoni kwa nini ardhi iliyo chini yake isiwe yake pia. Asubuhi yake nilikuta kijiji kizima kibanjani kwangu, wana mapanga, na Cassian ameshafungua mkutano.

"Mama Dafroza," alisema, "busara inataka tugawane. Kila mmoja hapa ametoa jasho."

"Nani aliwaomba jasho?"

"Jeshi."

"Basi lifuateni jeshi!"

Placidia akanigeukia. "Dada, mgomba wangu ni wangu. Ungekuwa mimi ungesema hivyo hivyo."

Ni kweli ningesema, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilichoka. Nilichoka na katapila, na filimbi, na majirani.

"Haya, chukueni," nikasema. "Lakini mwenye kibanja ndiye mwenye makaburi yake. Xaveri yumo humu na sijui yuko wapi, kwa sababu mmemfunika. Mmoja wenu amechimba shimo juu ya kifua chake. Huyo sasa ni marehemu wake. Ampalilie, amwombee misa, asimsahau mwaka hata mmoja. Nami nitakuja kulia. Kwa kuwa sijui ni mgomba upi, nitalia kwenye yote sitini. Kila Jumapili."

Mzee Ildefonsi akakohoa, akasema wa kwake haukuwa na afya tangu mwanzo. Placidia akakumbuka ana maharage juani. Wakaondoka mmoja mmoja, na Cassian akaandika kwamba ardhi imerudishwa kwa hiari ya wananchi. Akabaki Mbonimpa.

"Na wewe unangoja nini?" nikamfokea.

"Mimi nauchukua, mama."

"Unachukua nini?"

"Mgomba. Na mzee Xaveri, kama yuko chini yake. Nilimfanyia kazi miaka sita, tukila sahani moja." Akatazama chini. "Watu wangu wote waliuawa kule kwetu, wakafukiwa, na sikuonyeshwa ni wapi. Sina ninayempalilia."

Nilikuwa na matusi ya kutosha watu sitini, yamejaa mdomoni, na sikuwa na wa kumpa. Nikamwambia aache kusimama kama mgeni, alete jembe, magugu yameanza kuingia. Tukaanza na mgomba wake, tukipalilia juu juu, jembe lisizame.