Wifi Aliyewasikiliza Popo

Homa ilipomwachia mtafiti wa popo, haikuondoka mikono mitupu. Daktari alimweleza bila kuzunguka: sauti nzito ataendelea kuzisikia, ila zile nyembamba, kama filimbi au mlio wa ndege, ndiyo basi tena. Mtu mwingine angelia kidogo akazoea. Yeye alikuwa anakula kwa masikio.

Kazi yake ilikuwa kutambua popo wadogo kwa milio yao. Popo huita akiruka na kusikiliza mwangwi asigonge ukuta, na kila aina ina sauti yake. Sikio la binadamu haliipati. Kinasa sauti huidaka, kisha kompyuta huipunguza kasi mpaka isikike, ingawa hubaki nyembamba; ikipunguzwa zaidi huvurugika.

Aliyemuuguza ni wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani asiyejua kunong'ona. Miaka yote walikuwa wakiishi kiwifi: chai kwa wingi, maneno kwa kipimo. Lakini mgonjwa alipoanguka, mume akiwa mbali kikazi, wifi alifunga duka akahamia sebuleni na cherehani yake. Alimwogesha, akamlisha, akamgombeza akikataa kula.

Siku mtafiti aliporudi kwenye meza yake ya kazi, rekodi za paa la maktaba zilikuwa zikimngoja. Fundi wa paa alitaka kuziba mwanya wanamopita popo. Kama ni wale wa kawaida, hakuna neno, wana wao walikwisha kuruka. Lakini kuna popo wa aina nyingine, adimu, wanaofanana nao kama shilingi kwa ya pili, ambao huzaa baadaye. Kuziba sasa kungewafungia watoto ndani na mama zao nje. Na upenyo ulikuwa mwembamba, hata jicho halipenyi, sembuse mkono.

Milio wanayoitoa wakiruka haikumsaidia. Ilikaa katikati ya aina hizo mbili, huku si huku, kule si kule. Ikabaki ile ya kuitana. Popo wa kawaida huita kwa vipande vinne, adimu kwa vitatu. Kwenye picha ya kompyuta vipande vilikuwa vimefunikwa na kelele za mvua. Alivaa vipokea sauti masikioni, akasikia mvua tu. Machozi yakamtoka.

"Kulikoni?" wifi aliuliza, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

"Sisikii kitu, wifi. Bora watafute mtu mwingine."

"Hebu lete hicho kidude."

Akavaa, akafumba macho. "Mvua. Mvua tena. Ngoja, rudisha hapo. Kuna kitu kinakwaruza, kama sindano ikipita kwenye jinzi."

"Mara ngapi?"

"Tatu, halafu kimya."

"Una hakika si nne?"

"Mimi nahesabu mishono tangu hujaolewa kwetu. Ni tatu. Na kuna mwingine anamjibu, kasauti kadogo, kama mtoto anayelilia titi."

Mtafiti akapasogelea alipoonyeshwa. Sasa alijua pa kutazama, na ndani ya mvua akaviona vistari vitatu hafifu. Wakapitia rekodi zote mpaka chakula kikapoa. Kila penye mwito, ni tatu.

Alimpigia fundi wa paa. Fundi alinung'unika kuhusu ratiba yake, kisha akashusha pumzi. "Basi nitaanza upande wa pili. Na mimi ni mzazi."

Mtafiti akakata simu, akamgeukia wifi. "Sijui nikushukuru vipi. Si kwa leo tu."

"Wee! Mtu wa nyumbani unamshukuru kama mgeni?" Wifi alijifanya kutafuta uzi. Baadaye akasema polepole, "Hata mimi nyumba yangu ilikuwa kimya mno."

Popo wachanga walipoanza kuruka, wawili hao walikwenda kwenye ua wa maktaba magharibi ilipoingia. Ofisi anakofanyia kazi mtafiti ilikuwa imekubali wifi awe msikilizaji wake wa rekodi, na alikuwa amevalia nguo yake mpya kwa heshima ya kazi. Popo wakachomoza mwanyani mmoja mmoja. Kompyuta ndogo ilitoa milio yao iliyopunguzwa kasi, lakini mtafiti hakusikia chochote. Alimtazama wifi yake, uso umeelekea juu, midomo ikihesabu, akamshika mkono na kumwacha aendelee.