Sikio Kwenye Tangi

"Mshale umeanza kushuka," binti alisema, na baba yake akajifanya hakusikia.

Walikuwa katikati ya mlima, ndani ya pikapu kuukuu ambayo nyumba nzima iliiita Mkwe, kwa kuwa ilitaka kuombwa kwa adabu na haikusahau kosa. Binti alikuwa ameunga geji ya presha kwenye bomba la petroli, akapitisha mpira wake mrefu pembeni mwa boneti na kuibana geji chini ya waipa, ili waisome huku gari linakwenda. Kule gereji mshale ulikuwa umetulia asubuhi nzima. Hapa mlimani ulikuwa ukiinama kidogo kidogo. Nyuma yao lilifuata lori la mnunuzi wa vyuma chakavu, mnyororo wake ukigongagonga.

Hiyo ilikuwa amri ya mzee mwenyewe. Kwa miezi kadhaa Mkwe ilikuwa ikizima kwenye mlima ule ule, na yeye, ambaye mafundi wenzake walimletea magari yaliyowashinda, alikuwa amebadilisha pampu, chujio, hata mipira yote ya petroli, wapi! Jana mezani akatangaza kwamba ikizima tena, ipakiwe lorini pale pale, na gereji ifungwe. Fundi aliyeshindwa na gari lake, alisema, ana uso gani wa kufungua boneti la mwenzake? Mama alimkumbusha kwamba hasira hasara, akajibiwa kwa kijiko kilichowekwa chini kwa kishindo. Binti alikuwa ameshika spana katika gereji ile tangu amalize shule, na hakuwa na mpango wa kushika kitu kingine. Aliomba safari moja tu, yeye na geji yake. Baba alikubali, mradi usukani ashike mwenyewe, maana Mkwe haikuwahi kuendeshwa na mtu mwingine. Kwa hiyo binti alikaa kiti cha abiria, kando ya ule mlango wenye mambo yake, ambao kila abiria wa nyumbani alijua kwamba haufunguki mpaka uunyanyue kwanza.

Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.

Mzee alivuta breki ya mkono. Aliuacha ufunguo umewashwa, na pampu, ambayo tangu tatizo lianze alikuwa ameifungia waya wa moja kwa moja ili isizime pamoja na injini, ikaendelea kunguruma. Akashuka, akaenda kwenye tangi, akafungua kifuniko na kutega sikio. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Mafundi walitania kwamba pampu humnong'oneza yeye siri ambazo huwaficha wenye magari. Kila Mkwe ilipozima alifanya hivyo hivyo, akaisikia pampu ikinguruma vizuri tu, akafunga, akawasha, na gari likaondoka. Ndiyo maana aliamini pampu inachoshwa na joto, kisha inapumzika.

Lakini leo kulikuwa na mtu kitini. Binti aliuona mshale ukiruka kutoka chini hadi mahali pake, na kwenye kioo cha pembeni aliona kwamba uliruka kabla mzee hajainama, pale pale kifuniko kilipotoka. Akajilazimisha kusubiri kidogo, awe na hakika.

"Baba," aliita kupitia dirishani, "kabla ya pampu, ulisikia nini?"

"Nimesikia pampu. Nzima kabisa."

"Kabla ya hiyo."

Mzee alikuwa mkali, lakini hakuwahi kusema uongo juu ya alichokisikia. "Hewa," alisema. "Hewa ya tangi kila fundi anaisikia."

"Ilikuwa inatoka au inaingia?"

Mzee alijigusa sikio. Lilikuwa na ubaridi, kama lilivyokuwa na ubaridi kila mara, na miezi yote hiyo hakujiuliza kwa nini: hewa ilikuwa inalipita ikikimbilia ndani. Akakigeuza kifuniko. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mpira alichokikata mwenyewe kutoka kwenye kandambili, siku mama alipolalamika kwamba harufu ya petroli inamfuata hadi kanisani. Alikikata kikakaa barabara, akawaonyesha hata majirani. Na kilikaa barabara kweli, kwani kilikuwa kimeziba kile kitundu ambacho tangi hupumulia. Petroli ilitoka, hewa haikuingia, na pampu ikabaki kufyonza kama mtu anayenyonya chupa bila kuipumzisha.

Mzee alikitazama kile kipande cha mpira.

"Kumbe nilikuwa namtibu mgonjwa mlangoni, halafu naingia ndani kumuuliza anaumwa nini."

Akacheka, cheko ambalo binti hakuwa amelisikia tangu Mkwe ianze kuugua. Mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshashuka, mkono juu ya mbao za kupakilia. "Mganga hajigangi, mzee," alisema. "Nizishushe?"

"Subiri kidogo."

Mzee aliubandua ule mpira kwa ukucha, akautia katika mfuko wa shati na kurudisha kifuniko. Waligeuza, wakateremka hadi bondeni, wakaanza mlima upya. Kwenye kona ile mbaya Mkwe ilinguruma na kupanda, na mshale haukusogea. Binti aligeukia dirishani na kuangalia nje, kwa sababu fahari ilikuwa imemjaa hadi machoni na hakutaka ionekane.

Walisimama kileleni. Lori lilipowafikia, mzee alitoa kichwa nje.

"Nenda salama, bwana. Hili lina fundi wake," alisema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu.

Kisha akashuka, injini ikiwa bado inanguruma. "Sogea," alimwambia binti yake. Alizunguka mbele ya gari, akafuta vumbi kwenye kioo cha geji kwa mkono wa shati, akaja upande wa abiria na kuvuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

Binti, mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani, alimtazama.

"Uunyanyue kwanza, Baba," alisema. "Halafu uvute."