Amri ya Nane na Eda ya Mama

Mdachi, Mjerumani wa boma, aliingia darasani kofia mkononi, akauliza nani anazijua vizuri amri kumi za Mungu. Mwalimu Yakobo, kabla hajafikiri, akanionyesha mimi.

Nikasimama. Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja, na kwa kusoma kwa ghibu hapakuwa na wa kunishinda. Kwenye upenyo wa ukuta wa fito niliwaona askari wanne wamekaa chini ya upenu, mmoja akisokota kamba pajani taratibu, kama mtu asiye na haraka. Nikaanza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdachi akiitikia kwa kichwa. Nilipomaliza ya saba nikasita, maana niliijua inayofuata.

"Ya nane," akasema yeye, kwa Kiswahili safi cha pwani. "Usimshuhudie jirani yako uongo. Haya, sema."

Nikasema.

"Baba yako yuko wapi?"

Wiki tatu nyuma baba yangu, Mshamu, alikwenda Ngarambe na wanaume wa mtaa wetu. Walipewa ile dawa ya maji iliyosemekana huziyeyusha risasi za Wadachi, kisha wakapitiliza Umatumbi, vitani. Mama alinikataza kulitaja jina lake hata kisimani.

Sisi ni Waislamu. Shuleni nilipelekwa kwa sababu jumbe alitakiwa atoe watoto, na baba, mgongo wake umechanika kwa viboko vya shamba la pamba, hakuwa na nguvu ya kugombana tena. Aliniambia nisome, ila nisile kwao. Basi nikasoma. Mwalimu Yakobo, Mzaramo aliyebatizwa ukubwani, alitufundisha amri moja kila wiki. Wiki ya amri ya nane alituketisha wawili wawili, tukaisema huku tukitazamana machoni. Alisema uongo ni ufa wa mtumbwi, huwazamisha wote, haumchagui aliyeutoboa. Nikisimulia leo watu hudhani nilikuwa nakariri tu kama kasuku. Hapana. Nilimwamini.

"Amekufa, bwana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Homa."

Mdachi hakunitazama tena. Alimgeukia Mwalimu, akamuuliza kama ni kweli. Kila mtoto mle ndani aliujua ukweli. Mwalimu Yakobo alikuwa ameweka mkono juu ya Kitabu chake. Hakuuondoa.

"Nilikuwapo mazikoni," akajibu.

Mdachi akavaa kofia, akasema atapita nyumbani kwetu kutoa pole.

Sijui nilitokaje mle. Nilikatiza mashamba ya mpunga, nikaanguka mara mbili, nikamkuta mama anapepeta mchele. Nilimwambia kwa pumzi moja: nimesema baba amekufa, wanakuja. Nilingoja anipige. Mama aliweka ungo chini, akavua vipuli masikioni, akaingia ndani akajifunga kaniki, akakaa mkekani. Kisha akaniagiza nimwite jirani yetu Mwanaharusi. Mwanaharusi alifika mlangoni, akamtazama mama, akatazama vipuli juu ya kinu. Akaangua kilio. Askari walipotokeza, nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Walidai kaburi. Bahati yetu, Mungu atusamehe, juzi yake alikuwa amezikwa mzee mmoja asiye na ndugu. Wakaonyeshwa udongo ule mbichi, wakaondoka.

Lakini uongo wenyewe ulibaki nasi. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na jumbe alikuwa na macho kila uchochoro. Ilimpasa mama akae zote. Alikaa bila wanja wala mafuta, akipokea pole za watu wa kutoka Mchukwi hadi Mkongo, wengine wakijua, wengine hawajui. Habari zilizokuja kutoka milimani zilikuwa moja tu, kwamba maji hayakuzuia kitu. Kila mbwa alipobweka nilidhani ni baba anarudi mchana kweupe mbele ya watu. Mbwa asipobweka nilidhani mdomo wangu umemuua.

Shuleni, wiki iliyofuata, Mwalimu Yakobo alifungua kitabu, akaturusha kutoka ya saba moja kwa moja hadi ya tisa. Hakuna aliyemsahihisha.

Baba alirudi zimebaki siku kumi na mbili za eda. Alipitia nyuma, alfajiri, amekonda hata nikamjua kwa sauti tu. Mama hakuinuka mkekani. Alimwambia siku zilizobaki, akamwambia aingie chumba cha ndani akae humo mpaka eda iishe. Baba akatii. Siku kumi na mbili alikaa gizani akisikiliza watu wakimwombea rehema, na mimi nikimpelekea uji.

Siku moja alinishika mkono.

"Mwantumu. Walilia?"

Nikamwambia walilia sana, hasa Mwanaharusi.

"Na mama yako?"

"Mama alilia watu walipokwisha kuondoka."

Baba akaweka bakuli chini. Uani mama alikuwa anatwanga. Tukakaa pale, mimi na yeye, tukimsikiliza mpaka akamaliza.