Usukani Usiotoa Jasho

"Kata kulia, mzee!" fundi Masudi alipiga kelele akiwa ameinamia injini.

Maduhu akafanya kama alivyofanya miaka yote ya udereva wake. Akakita mguu sakafuni, akainua matako kidogo kitini, akaushika usukani kwa mikono miwili na kuuvuta kwa mwili mzima. Usukani ukazunguka bila ubishi. Maduhu akaufuata mzimamzima, akajikuta ameulalia mlango, kiwiko nje, kofia iko chini kwenye mchanga wa gereji.

Masudi alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Mzee, hii ni stering ya pawa! Haivutwi, inaombwa tu."

"Mazoea yana taabu," Maduhu akajibu, naye akicheka.

Bega la kulia ndilo lililomleta kwenye gereji ile mjini Shinyanga. Pikapu yake, Land Cruiser iliyozaliwa kabla ya fundi aliyekuwa akiitengeneza, ilivuta kwa magurudumu yote manne na haikuwahi kulala kwenye tope jeusi la mbuga. Lakini usukani wake ulikuwa mzito wa kuua. Ikishapakia watu na magunia, kukata kona ilikuwa kama kumgeuza fahali asiyetaka kugeuka. Bega likaanza kwa kuuma, likaishia kukataa hata kuinua kikombe cha chai. Kila jioni Salvina, mkewe, alilikanda kwa maji ya moto huku akirudia neno lile lile: "Baba Rebeka, ama ubadilishe usukani, ama uuze gari. Mimi sikuolewa nije kukanda bega."

Kuuza! Neno hilo lilimtisha Maduhu kuliko maumivu. Bila pikapu asingejua aamke asubuhi aende wapi. Basi Masudi akatafuta, akapata boksi la usukani na pampu kutoka kwenye gari la ukoo ule ule, jipya kidogo, lililopinduka huko migodini Geita na kuuzwa kama vyuma chakavu. Akakata, akachomelea kishikio kwenye chesisi, akafupisha shafti, akaifungia pampu mkanda wake. Asubuhi hiyo walikuwa wameinua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuyazungusha huku na huku mpaka oili ikaacha kutoa povu. Sasa magurudumu yalikuwa yamekanyaga ardhi, na usukani ulikuwa bado mwepesi. Maduhu aliondoka pale akipiga mluzi.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada Mhunze. Alfajiri, kijijini kwake Songwa, abiria wake walipanda nyuma na kuku wao, dagaa wao na magunia ya viazi vikavu, ile michembe ambayo hakuna mnada unaokamilika bila hiyo. Serafina muuza michembe, mama yake Benjamini, alikaa mbele kama kawaida. Walipofika kona ya kwanza, penye shamba la pamba, Maduhu alitaka kujionyesha kidogo. Akaikata kwa vidole viwili.

Serafina akavitazama vile vidole. "Mayu wane!" akamlilia mama yake kwa Kisukuma. "Stering imekatika!"

Kwa watu wa barabara zile, usukani unaozunguka kirahisi una maana moja tu: chuma kimeachia huko chini na gari linakwenda linakotaka. Mwaka uliopita Serafina alikuwa ndani ya lori lililokatika tairodi, kile chuma cha kugeuza magurudumu, wakatumbukia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, yeye na michembe yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maduhu alipofunga breki tu, kufumba na kufumbua, nyuma walikuwa wamebaki kuku peke yao.

"Ni pawa, jamani! Nimeweka pawa!"

"Pawa gani ya kugeuza gari kwa vidole?" akafoka mzee Thobias, muuza kuku. "Nimekuona kwenye kioo cha nyuma. Ulikuwa unapiga mluzi!"

Mbali nyuma yao vumbi likainuka. Lilikuwa lori la Mabula, aliyewatamani abiria wale siku nyingi. Wakipanda lile, hadi jua linazama mnada mzima ungejua kwamba gari la Maduhu limekatika usukani, na hakuna ambaye angelipanda tena. Hapo hata Salvina asingehitaji kusema neno. Maduhu akashuka, akamfuata Serafina, ambaye naye alikuwa ameruka chini.

"Mama Benjamini," akasema, "njoo ukae huku uushike mwenyewe."

Serafina akasita, kisha akapanda. Maduhu akazima injini. "Zungusha." Serafina akavuta mpaka kanga ikamlegea kiunoni. Usukani ulisogea kidogo mno. Maduhu akawasha. "Sasa zungusha."

Ukazunguka. Kulia, kushoto, kulia tena, matairi ya mbele yakisaga vumbi, na Serafina akaanza kucheka. "Kumbe ndiyo hivi! Kama kukoroga uji!"

Waliokuwa chini hawakusogea hata hatua. "Koroga wewe," akasema Thobias. "Sisi tuna watoto."

Serafina akashuka, akamwinamia Maduhu sikioni. "Hawaogopi gari, Baba Rebeka. Wanaogopa kwa sababu hutoki jasho. Panda, ukate kona kama zamani. Na ugune."

Maduhu akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akapanda, akauma meno, akakunja uso, akatoa mguno wa mtu aliyebeba gunia la pamba mbichi, akaizungusha pikapu duara zima pale barabarani.

"Enhee!" Thobias akashusha pumzi. "Hiyo sasa ndiyo stering!"

Wakapanda wote. Lori la Mabula lilipofika na kupiga honi, Thobias alilipungia kwa jogoo aliyemshika mkononi. "Pita tu, tumeshapata gari!"

Kwenye kona iliyofuata Maduhu aliguna tena, na kutoka nyuma zikaja sauti: "Pole, baba! Pole na kazi!"

"Asanteni!" akaitikia. Pembeni yake Serafina alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Machozi ya kicheko yalimlenga Maduhu. Bega lilikuwa limetulia tuli, na alijua kwamba ataendesha gari hili miaka mingi bado. Alikuwa na furaha ya kumtosha mtu. Ila pole ile ilikuwa tamu, tamu kuliko alivyodhani, na hakuwahi kujua kwamba anaipenda hivyo.

Kona zikaisha. Barabara ikanyooka kwenda Mhunze, imetoka kuchongwa na greda, laini mpaka mwisho wa macho. Nyuma hakuna aliyempa pole tena. Maduhu akasubiri kidogo. Kisha akaushika usukani kwa mikono miwili, akaguna, akakwepa shimo ambalo halikuwepo.